Sungura, kobe na kaseti ya Bibi

Najua nimepotea. Ilikuwa wiki ya testi, na wale tunaosoma nao Historia wanajua ile ya juzi ilivyotunyoosha, kwa hiyo msinilaumu. Leo nina jambo lililoanza Ijumaa usiku kama mchezo tu, na mpaka leo Jumanne sijalala vizuri kwa sababu yake. Ni refu kidogo. Tafuteni chai.

Ijumaa tulikuwa wanne kafteria. Mmoja ni yule dada wa Kijerumani aliyekuja kujifunza Kiswahili, ambaye sasa anajua misemo mingi kuliko baadhi yetu. Alikuja na boksi la mchezo wa kwao, kingo zimechakaa, limefungwa kwa rababendi. Juu limechorwa sungura anakimbia. Akasema ni mchezo wa mbio na kwao karibu kila nyumba inaujua.

Mi nikajua ni kama ludo, unarusha dadu unaomba Mungu. Kumbe hapana! Kusogea hakutegemei dadu. Unaanza na karoti 65 (tukiwa wanne) na majani matatu ya saladi, halafu kila hatua unailipia karoti. Kusogea chumba kimoja ni karoti 1. Vyumba viwili ni 3, vitatu ni 6, vinne ni 10. Yaani kadiri unavyotaka kwenda mbali kwa mkupuo mmoja ndivyo bei inavyopanda. Mimi kwa pupa zangu nikaruka vyumba 10 mara ya kwanza tu. Karoti 55 zikaondoka hivi hivi! Nikabaki nazo 10 njiani, wenzangu wanakuja nyuma polepole mifuko imejaa. Ukitaka karoti zaidi njia mojawapo ni kurudi nyuma, na kila chumba unachorudi unalipwa 10. Na mwishoni huruhusiwi kuingia nyumbani mpaka uwe umekula saladi zako zote na umebakiwa na karoti chache tu. Nilikuwa wa mwisho. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Mtunzi wake ni Mwingereza, David Parlett, ambaye pia ameandika vitabu vizito juu ya historia ya karata na michezo ya ubao. Aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuuita kwa Kiingereza Sungura na Kobe, kutokana na ile ngano ya Esopo. Kampuni ya Ravensburger ikautoa Ujerumani mwaka 1978, na mwaka 1979, tuzo yao ya Mchezo wa Mwaka ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, ndio uliochukua.

Sasa sikilizeni. Nikamuuliza yule dada, juu ya boksi wameandika nini? Akasema *Hase und Igel*. Hase ni sungura, sawa. Na Igel ndiye kobe? Akacheka, akasema hapana, Igel ni mnyama mwenye miiba. Ikabidi tutafute picha kwenye simu. Ni kalunguyeye! (Wengi tunamchanganya na nungunungu. Kalunguyeye ni yule mdogo, anajiviringa kama mpira ukimgusa.) Kwa nini wambadilishe mnyama? Akasema kwao hadithi ya mbio za sungura inayojulikana zaidi si ya kobe, ni ya kalunguyeye, na akaanza kuisimulia kwa Kiswahili chake kile cha kupangilia maneno.

Sungura alimcheka kalunguyeye kwa miguu yake mifupi ya matege. Kalunguyeye akasema, tushindane. Dau likawa sarafu moja ya dhahabu na chupa ya pombe kali. Wakakubaliana wakimbie shambani, kila mmoja kwenye mfereji wake wa jembe. Kalunguyeye akarudi nyumbani, akamchukua mkewe, ambaye wanafanana kama pacha, akamwambia: wewe kaa mwisho wa mfereji, sungura akifika inuka useme nimeshafika. Mbio zikaanza. Mume akapiga hatua mbili tatu akalala chini. Sungura kufika mwisho, mke huyu hapa: nimeshafika! Sungura haamini, turudie. Akirudi, mume yuko kule: nimeshafika! Wakarudia na kurudia, na safari ya 74 sungura akaanguka katikati ya shamba akafa.

Mimi nikasimama. Meza nzima ikanigeukia. Nikasema, hiyo ni hadithi ya Bibi yangu!

Na sisemi kwa kufananisha. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa Mpare wa Usangi, kule milimani. Kwake hakukuwa na kalunguyeye wala mke mmoja. Alikuwa kobe na ukoo wake mzima. Kobe anawapanga ndugu zake njiani, mmoja kwenye jiwe, mwingine kwenye mgomba, mwingine mtoni. Sungura anakimbia huku anaita, na kila akiita anajibiwa na kobe aliye mbele yake.

Ila Bibi hakuisimulia akiwa amekaa. Kwake hiyo hadithi ilikuwa ni mchezo. Jioni baada ya kula, mbalamwezi ikiwepo, anatupanga wajukuu kuzunguka nyumba: mmoja nyuma ya jiko, mmoja kwenye banda la mbuzi, mmoja kwenye shina la mparachichi, mmoja karibu na choo (hapo palikuwa pa mwenye makosa). Mjukuu mkubwa ndiye sungura. Anazunguka nyumba mbio anaimba swali, na aliye mbele anajibu kwa kuimba. Bibi amekaa mlangoni, ndiye anayesimulia katikati na kutoa sauti. Sungura anazunguka mpaka anachoka kweli, siyo kuigiza! Siku zote binamu yangu alikuwa sungura na mimi nilikuwa kobe wa banda la mbuzi. Sikuwahi kukimbia hata mara moja, na kila mara nilishinda. Nyimbo zenyewe zilikuwa kwa Kipare, Chasu chenyewe, na sisi wa mjini tulikuwa tunaimba bila kuelewa nusu yake.

Basi pale mezani jamaa yetu anayesoma Sheria akatoa hukumu haraka haraka: ni wamisionari wa Kijerumani waliwaletea. Wamekuja na kanisa, wamekuja na kahawa, wamekuja na kalunguyeye, nyie mkambadilisha kuwa kobe. Kila mtu akatikisa kichwa kama vile kesi imekwisha.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika. Jumamosi nikashinda maktaba.

Ya Wajerumani ina tarehe zake. Iliandikwa na Wilhelm Schröder mwaka 1840 katika lahaja ya kaskazini mwa Ujerumani, na mbio zenyewe zinakimbiwa kwenye nyika ya Buxtehude, mji ulio karibu na Hamburg. Ndugu wawili wa Grimm wakaiingiza kwenye toleo la mwaka 1843 la mkusanyiko wao maarufu. Ukoloni wa Kijerumani huku kwetu ulianza 1885. Mpaka hapo mwanasheria wangu bado anaweza kushinda, si ndio?

Lakini kuna kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1880, cha Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari mzungu wa Atlanta. Humo ameandika hadithi alizozisikia kwa watu weusi wa Georgia, watu ambao wazazi na mababu zao walitolewa Afrika wakiwa watumwa. Imo hadithi ya mbio. Sungura, yule yule mjanja anayewashinda mbweha na dubu, anashindana na kobe, maili tano, na kila maili imewekwa nguzo. Kobe anampanga mkewe na watoto wake kwenye nguzo, na yeye mwenyewe anajificha kwenye ya mwisho. Miaka mitano kabla bendera ya Mjerumani haijafika huku, kobe na familia yake walikuwa tayari wanashinda mbio ng'ambo ya Atlantiki!

Nikampelekea jamaa. Akasema, labda hao watumwa waliisikia kwa wahamiaji wa Kijerumani huko huko Marekani. Nikamuuliza, kwa hiyo wa Georgia walimtoa kalunguyeye wakaweka kobe na familia, na wa Usangi nao, bila kuandikiana barua, wakamtoa kalunguyeye wakaweka kobe na familia? Akanyamaza akala karanga zangu. Wataalamu wa ngano duniani wameipa namba yake, aina ya 1074, mbio zinazoshindwa kwa hila ya ndugu wanaofanana, na wameiorodhesha Ulaya, Afrika na Amerika. Mimi kwa Usangi na Georgia nasimama na kobe. Na ajabu ni kwamba kwetu sungura ndiye bingwa, anamdanganya simba, anamdanganya fisi, lakini akikutana na kobe anaumbuka. Huko Georgia ni vile vile.

Ile ya Esopo ni nyingine kabisa. Ndiyo tuliyosomeshwa darasa la tatu: sungura analala usingizi, kobe anatembea polepole mpaka anafika. Ndiyo Walt Disney aliyoitengenezea katuni mwaka 1935 ikapata Oscar. Kobe wa Esopo yuko peke yake, anashinda kwa bidii. Kobe wa Bibi hana bidii yoyote, ana ndugu. Mwalimu wetu wa darasa la tatu angeiita hiyo udanganyifu wa mitihani, ha ha. Na lile boksi la Wajerumani lina vituko: mchezo umetungwa kutokana na Esopo, ukapewa jina la hadithi ya hila, halafu ndani hakuna hila hata moja! Kila mtu anajua mwenzake yuko wapi, na kinachobaki ni hesabu tu za karoti.

Kwa hiyo tangu Jumamosi nimeanza kukusanya. Nina flashi moja, nimeipa folda ya sungura. Kila mchezo na kila muziki uliotokana na ngano za wanyama, ninatia humo au ninaandika habari zake. Ya Ulaya yanapatikana kirahisi mno. Offenbach alitia muziki ngano sita za La Fontaine mwaka 1842. Poulenc alitunga muziki wa dansi ya jukwaani kutokana na La Fontaine huyo huyo, ukachezwa Opera ya Paris tarehe 8 Agosti 1942, mji ukiwa umekaliwa na jeshi la Hitler na maofisa wa Kijerumani wamekaa ukumbini. Humo ndani Poulenc alificha tuni ya wimbo wa zamani wa Wafaransa unaowaambia Wajerumani kwamba Alsace na Lorraine hawazipati. Wapiga vyombo wa okestra waliitambua. Maofisa wakakaa wakaangalia wanyama wakicheza. Niliposoma hilo nilimkumbuka kobe wa Bibi, ambaye naye anashinda kwa kuimba mbele ya mtu asiyejua anaimbiwa nini.

Ya kwetu je? Kwenye karatasi yapo, tena mengi. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alikusanya hadithi za Unguja akazichapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo imo ya kima na papa, yule kima aliyedai moyo wake ameuacha mtini, na ndani yake imo ya punda wa dobi. Hadithi hizo mbili zilisafiri pamoja, moja ndani ya tumbo la nyingine, kutoka Panchatantra ya India, zikapita Uajemi, zikaingia Kiarabu katika Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa karne ya 8, mpaka mwambao wetu. Na Steere hakuwa kiziwi. Kwenye utangulizi wake anaeleza kwamba ngano za watu huwa na kiitikio ambacho wote wanaimba, na mara nyingi mifupa ya hadithi imo kwenye vipande hivyo vya kuimba, msimulizi anaviunganisha tu kwa maneno yake ya papo hapo. Yaani alijua kabisa kwamba alichokiandika ni nyama bila mifupa. Angefanya nini? Fonografu ya Edison ilitoka 1877.

Na mashine zilipokuja nazo zilikuwa na ubahili wake. Santuri ya kawaida ya zamani ilibeba kama dakika tatu kila upande. Ngano ya Bibi kwa mwendo wa kawaida ni nusu saa, pamoja na sungura kupumzika. Kwenye dakika tatu unaingiza wimbo, hadithi inabaki nje; ukienda kwenye kitabu unaingiza hadithi, wimbo unabaki nje. Na mchezo, kule kukimbia kuzunguka nyumba, haukuwa na pa kuingia kokote. Hapa Idara ya Historia tunajivunia kazi ya Profesa Kimambo, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya Wapare kilijengwa kwa masimulizi ya wazee. Sawa kabisa. Lakini wazee waliulizwa habari za watawala na koo. Sungura nani amuulize bibi kizee?

Baba yangu alimuuliza, na sasa nafika kwenye kaseti.

Baba alikuwa shabiki wa kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, zile hadithi za Debora Mwenda. (Waulizeni wazazi wenu, mtaona watakavyoanza kuimba.) Alikuwa ananunua kaseti tupu anavizia redio na kidole kwenye kitufe. Krismasi ya 1996 alipanda nayo Usangi ile redio kaseti, akarekodi Mama na Mwana upande mmoja, na upande wa pili akamrekodi Bibi na wajukuu wakicheza sungura na kobe uwanjani. Mimi sikuwa nimezaliwa. Upande wa pili wote, dakika 30!

Mwaka 2005 kaka yangu mkubwa, akiwa na miaka 15, alihitaji kaseti ya kurekodia Bongo Fleva redioni. Mnakumbuka vile vijipande viwili vya plastiki nyuma ya kaseti, ukivivunja hakuna anayeweza kurekodi juu yake? Baba alivivunja. Kaka akabandika selotepu.

Bibi alifariki 2014. Jumapili nilienda nyumbani, nikamwomba Baba ile kaseti, tukaazima mashine kwa fundi wa mtaa wa pili. Upande wa pili ni Bongo Fleva, matangazo ya sabuni, Bongo Fleva. Nikataka kuzima. Baba akasema acha iende. Kule mwisho kabisa, ambako kaka alichoka au redio ilizimwa, pakasikika upepo, kuku, halafu Bibi.

Sekunde 41. Nimezihesabu. Ni mwisho mwisho wa mbio, swali la sungura halimo, yanasikika majibu matatu tu na Bibi akisema neno katikati. Na kitu nilichokuwa sijakiwaza kamwe: yale majibu ni ya watoto watatu tofauti, sauti moja nene, moja nyembamba, moja ina kithembe. Sungura kiziwi angejua kwamba hao si kobe mmoja. Bibi anacheka kabisa, halafu anaendelea kama kwamba hajasikia tofauti yoyote.

Mwenye kithembe ni kaka. Alikuwa na miaka sita, hana meno ya mbele. Nilimpigia nikamchezea kwenye simu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha, halafu akauliza, "Na mimi nilikuwa wapi hapo?" Nikamwambia sijui, pengine kwenye mparachichi. Akasema, "Hapana, mimi Bibi alikuwa ananiweka chooni."

Linalonikosesha usingizi ni lile swali. Majibu ninayo, wimbo wa sungura sina. Baba anauimba hivi, shangazi yangu wa Usangi nilipompigia jana akauimba vingine kabisa, na alipomsikia Baba kwenye spika akamwambia, "Wewe ulikuwa kobe siku zote, ungeujuaje wimbo wa sungura? Mwanangu usimsikilize huyo, sungura nilikuwa mimi." Ana miaka 74 na kifua kinamsumbua. Kwenye simu aliimba mistari miwili akakohoa, akasema njoo nikufundishe, haya mambo hayaimbwi umekaa.

Kwa hiyo likizo hii napanda Usangi. Shangazi ameshawaambia watoto wa jirani. Yule dada wa Kijerumani anataka kuja, na amesema atakuwa kobe wa banda la mbuzi, tumekubaliana. Tatizo lililobaki ni la kifundi: simu ikikaa kwa shangazi mlangoni, itanasa swali na majibu ya karibu, lakini kobe wa nyuma ya nyumba hatasikika. Nikimpa sungura aibebe, tutapata kuhema tu. Nadhani zinahitajika nne, moja kila kona, halafu nije kuziunganisha hapa kwenye kompyuta.

Ninayo moja, Baba atanipa yake. Mwenye simu inayorekodi vizuri na roho ya kuniazima wiki mbili, nipo Hall yangu ile ile kila siku baada ya saa kumi. Selotepu siji nayo.